WRX ya kutyuni au STI kamili? Uzoefu wangu na Subaru Impreza za 2000 hadi 2007 hapa Mwanza

Kama una Impreza WRX ya GDA (msimbo wa bodi ya WRX za miaka hiyo; za STI ni GDB) na moyo unataka STI, toleo lake la nguvu zaidi, ushauri wangu ni huu: ityuni hatua ya kwanza, yaani kuandika upya programu ya injini tu, uishie hapo. Ukitaka zaidi, iuze ununue STI ya GDB. Nimeziendesha zote mbili njia ya Usagara na njia ya Magu, na kilichozitofautisha si nguvu za farasi. Za Japani zilitoka kiwandani na farasi 250 kwa WRX na 280 kwa STI, pengo ambalo kontroboksi (kompyuta ya injini) likiandikwa vizuri linakaribia kuzibwa. Vyuma ndivyo visivyoandikika. WRX ina giaboksi ya gia 5, bloku iliyo wazi kuzunguka silinda na tabo ndogo ya TD04. STI ina gia 6, bloku iliyofungwa nusu, tabo kubwa zaidi, difu ya nyuma ya R180, na nyingi zina breki za Brembo, pistoni 4 mbele na 2 nyuma.

Jambo ambalo watu wa huku tunalisahau ni mwinuko. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina shinikizo la takriban baa 0.88, ya Dar ni 1.01. Injini ya Dar inayopulizwa baa 0.9 kwenye geji, ukitaka ipate hewa ileile hapa, geji isome kama 1.03. Kwa tabo yenyewe hiyo ni kazi sawa na kusukuma baa 1.18 ukiwa Dar, na pumzi ya TD04 inakatikia maeneo hayo. Inazunguka kasi mno, inatoa hewa ya moto, na ukipita mizunguko 5,500 presha inashuka tu.

Kontroboksi la Subaru linalijua hilo. Ndani yake kuna jedwali linalopunguza lengo la presha kadiri hewa ya nje inavyokuwa nyepesi. Zipo ramani (mafaili ya mipangilio ya kontroboksi) za kununua mtandaoni ambazo jedwali hilo limefutwa ili gari lionekane lina nguvu popote. Mwulize anayekuandikia kabla hajagusa kitu. Akikujibu kwamba mwinuko hauna neno, tafuta mwingine.

Huduma ya tyuni niliyotumia ni ya mbali: unarekodi data, unatuma, unarudishiwa faili unalipakia kwa laptopu kupitia kebo ya Tactrix, inayounganisha laptopu na kontroboksi. Inafanya kazi vizuri, na naipendekeza, mradi gari liwe zima kabla ya kuanza. Plagi weka za NGK zenye namba 7 badala ya 6, nafasi ya milimita 0.7. Badilisha pampu ya petroli kama ni ya tangu kiwandani. Ya Walbro ya lita 255 kwa saa inatosha na kubaki. Mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ijaribu kwa moshi, maana mpasuko mdogo chini ya kibano hauonekani kwa macho na unaharibu rekodi nzima. Funga kipimo cha oksijeni cha waidibendi, kinachosoma uwiano wa hewa na petroli kwenye moshi. Presha ikijaa, uwiano wa hewa na petroli ukae kati ya 11.0 na 11.5 kwa 1.

Kwenye rekodi, namba ya kuikodolea macho ni kizidishi cha taimingi, yaani kiasi cha kuwahisha cheche ambacho kontroboksi linathubutu kutumia. Kontroboksi za zamani zinaisoma 0 hadi 16, za baadaye 0 hadi 1. Ikishuka kutoka juu kabisa, injini imegonga (petroli imelipuka ovyo ndani ya silinda) na kontroboksi limerudisha taimingi nyuma. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni petroli. Ramani za kiwandani za Japani ziliandikwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, na ya sheli zetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo mtyunaji wa kweli atakupunguzia taimingi kwanza, na farasi utakaoongeza hapa hautafika ule unaoahidiwa na watu wa nje. Ukubali. Injini ya EJ20, iliyomo kwenye magari haya, ikigonga mara kwa mara inavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na hiyo si kazi ya kubadilisha ringi tu, ni kufungua bloku.

Kuna na wadudu wa ziwani. Wingu lao likipita, wananaswa kwenye mapezi ya intakula chini ya tundu la boneti na kukauka kama ugoro. Hewa ya tabo haipoi tena, taimingi inarudishwa nyuma, gari linakuwa zito bila taa yoyote kuwaka. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka chini kwenda juu, na filta ya hewa ikague siku hiyohiyo.

Wanaosema utahamishia giaboksi ya STI kwenye WRX wapige hesabu yote: giaboksi, difu, shafti za nyuma na habu zake, klachi, propela. Uwiano wa difu ya mbele na nyuma usipolingana, difu ya kati inakufa mapema. Ukijumlisha, umenunua STI kwa vipande.

Ukiagiza STI ya Japani, injini yake ni cc 1,994 kama ya WRX, hivyo TRA haikupandishi daraja la ushuru kwa ukubwa wa injini; uchakavu wa miaka ndio unaouma. Ukinunua iliyokwishaingia, pima kompresheni silinda zote 4 injini ikiwa ya moto. Usitishwe na namba kuwa ndogo kuliko ya kitabu, mwinuko unashusha kidogo. Angalia zifanane, tofauti ikizidi asilimia 10, ondoka. Fungua na bolti ya mrija wa oili ya tabo, ndani kuna kichujio kidogo kinachoziba na kuua tabo. STI za kuanzia 2005 rimu zake ni 5x114.3 (bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3), za kabla ya hapo ni 5x100, kwa hiyo usitegemee rimu za WRX yako ziingie.