Lebo za kuchapwa za kwilti: zimefuliwa mara moja maandishi yakaondoka, nikaambiwa "si ni lebo tu?"

Nilisema nisubiri hasira zipungue ndipo niandike. Hazijapungua, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Niliagiza kwa kampuni hii lebo za kitambaa za kuchapwa, za kushonea kwenye kwilti (blanketi la viraka), zile ambazo unajaza maneno yako kwenye tovuti yao, unachagua mwandiko, nao wanakutumia zikiwa tayari kushonwa. Ukubwa, rangi na idadi kwa pakiti mtaviona wenyewe kwenye tangazo. Mimi nimekuja na jambo moja: maandishi hayakai. Na la pili, ambalo limeniuma zaidi ya la kwanza, ni jinsi nilivyojibiwa nilipolalamika.

Kwilti yenyewe nimeiunga kwa viraka vya mashati ya marehemu baba yangu. Wanaoshona wananielewa. Shati la marehemu ukishalikata limekatika, huendi dukani kutafuta jingine. Nilifumua kola, nikafumua mikono, nikawa nakishika kila kipande dirishani kuona kama bado kina nguvu, maana kwenye viwiko na mabegani kitambaa kilikuwa kimechakaa hadi mwanga unapita. Mfuko mmoja wa kifuani sikuugusa, niliuweka mzima mzima katikati ya kwilti. Chini ya mfuko huo kuna doa la wino wa kalamu yake lililovuja zamani sana na halikutoka hata kwa sabuni ya namna gani.

Lebo ilikuwa na mistari michache tu. Jina la baba na miaka yake. Kwamba viraka hivi ni mashati yake. Kwamba kwilti ni ya mama. Jina langu na mwaka niliomaliza. Basi. Niliyapima maneno hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyopima viraka.

Sasa niwaeleze nilivyoishona, kwa sababu ugomvi wote uko hapo. Kijikaratasi cha maelekezo kilichokuja ndani ya pakiti kinashauri lebo ishonwe kwenye kitambaa cha nyuma kabla kwilti haijapigwa mishono yake ya juu. Ushauri ni mzuri na washonaji wengi wanaufuata tangu zamani. Kwilti ina tabaka tatu, uso wa viraka, pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma, na mishono inayozishikanisha inapita juu ya lebo moja kwa moja. Atakayetaka kuibandua lebo hiyo itambidi afumue na kwilti. Kwilti zinaibwa, jamani, na mwizi anaanza na lebo, kwa sababu ndiyo inayosema ni ya nani. Kwa hiyo nilifuata maelekezo yao neno kwa neno, nikapitisha mishono juu ya lebo, nikaona hii sasa haitoki mpaka kwilti yenyewe iishe.

Lebo kweli haijatoka. Kilichotoka ni maandishi.

Mama aliifua kwa mkono, maji baridi, sabuni isiyo kali, akaanika kivulini, yote kama kijikaratasi kilivyoagiza. Akanipigia simu jioni. "Mwanangu, haya maandishi ya baba yako yamekwenda wapi?" Nilidhani ameangalia upande usiofaa. Nilipokwenda kuiona nilikuta kitambaa cheupe chenye ukungu wa zambarau uliosambaa, na ndani ya ukungu huo unaweza kubahatisha herufi mbili tatu kama tayari unajua kilichokuwa kimeandikwa. Doa la kalamu ya baba chini ya mfuko liko pale pale. Wino wa watu wanaojiita wataalamu wa lebo umekwenda na maji ya kwanza.

Nikawapigia. Nilikuwa mpole, naapa. Nilimweleza kijana aliyepokea kwamba maandishi yamefutika, na kwamba lebo imeshonewa ndani kama walivyoelekeza wenyewe, kwa hiyo siwezi kuitoa bila kufumua mishono ya robo nzima ya kwilti.

"Sasa mama, kwilti yenyewe imeharibika?"

"Hapana, ni lebo."

"Si ni lebo tu? Shona nyingine juu yake, yaishe."

Nikamwambia kwamba lebo hiyo ina jina la baba yangu. Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni jambo, wakacheka. Akarudi kwenye simu akaniambia kuna wateja wanasubiri.

Huyo kijana anauza lebo. Ndiyo kazi inayomlipa mshahara. Kama lebo si kitu, kampuni nzima inafanya nini? Anayeshona kwilti anaweza kutumia miezi juu ya kitu ambacho kitaishi kuliko yeye, na katika kitu chote hicho mahali pekee panapoeleza kwa maneno nani alishona, kwa ajili ya nani na lini, ni hapo kwenye kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837, alipeleka kwilti yake ya visa vya Biblia kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, hapo hapo Georgia, mwaka 1886, na leo inatunzwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Tunajua kila mraba wake unasimulia nini kwa sababu Jennie Smith, mwanamke aliyeinunua miaka michache baadaye, aliyaandika maelezo aliyopewa na Powers mwenyewe. Mtu mmoja alichukua kalamu, basi. Kwilti nyingi za zama zile ziko makumbusho na kadi inasema mshonaji hajulikani. Hao nao walikuwa na majina.

Baada ya simu ile sikulala vizuri, nikaamua nijue nimeuziwa nini hasa. Pakiti imeandikwa pamba asilimia 100. Nilikuwa nimebakiwa na lebo za ziada, nikachomoa nyuzi chache ukingoni mwa moja, nikazishika kwa kibano juu ya sahani, nikawasha kiberiti. Uzi wa pamba unashika moto upesi, unanuka karatasi iliyoungua, unaacha jivu laini linalosagika ukiligusa. Huu ulijikunja kabla moto haujaufikia, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na kilichobaki kwenye ncha ya kibano kilikuwa kipunje cheusi kigumu. Nilikibonyeza kwa ukucha hakikupondeka. Hiyo ni poliesta, uzi wa plastiki. Hata kama imechanganywa na pamba, si pamba asilimia 100.

Nusu ya lebo hiyo niliiloweka kwenye bakuli jeupe. Sikusugua. Maji yalianza kugeuka zambarau kabla sijaweka mkono. Wino mweusi unaoyeyuka kwenye maji unafanya hivyo, rangi zilizochanganywa kuupata weusi zinaachana. Poliesta hainywi maji, kwa hiyo wino wa namna hiyo unakaa juu juu ukisubiri kuondoka. Kitambaa cha poliesta kinachapwa kwa rangi za kuhamishwa kwa joto kali, ambazo zinaingia ndani ya uzi wenyewe. Kwenye pamba unatumia wino wa pigmenti, ambao chembe zake haziyeyuki, ukishaupiga pasi kavu unatulia. Haya si mambo ya siri. Mtu anayechapa vitambaa kwa biashara anayajua kabla ya kununua mashine yake ya kwanza. Na fikirieni pasi. Anayesoma "pamba" anaweka pasi ya nukta tatu, yaani joto la nyuzi 200 za Selsiasi, juu ya lebo ya poliesta. Itakunjamana au kung'ara vibaya, na yeye ataambiwa kosa ni lake.

Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota moja na kufunga mjadala. Ila kuna kitu lazima nikiseme, la sivyo nitakuwa nimewaonea. Lebo zao za kufumwa ni nzuri. Nilishawahi kuagiza kwao lebo zenye jina langu tu, zile ambazo herufi zinafumwa pamoja na kitambaa, kwa hiyo hakuna wino wa kutoka. Ninazo kwenye kwilti ambazo watoto wanazilalia na zinafuliwa kwa mashine kila mara, na herufi zinasomeka kama siku ya kwanza. Ncha zimekunjwa vizuri, nyuzi hazichambuki, hazikwaruzi ngozi. Taabu ya lebo za kufumwa ni kwamba zinatengenezwa nyingi kwa maneno yaleyale, huwezi kuagiza moja yenye habari za kwilti moja. Ndiyo maana nilihamia za kuchapwa. Lakini kama unachotaka ni jina lako tu kwenye kila kazi, kwa za kufumwa ningewapa nyota nne bila kusita. Nasema kweli.

Halafu likatokea la kunichanganya zaidi. Siku kadhaa baada ya simu ile nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa hapo hapo, nadhani ni msimamizi. Alianza kwa kunipa pole ya baba. Hakuna mwingine pale aliyenipa pole. Akaniuliza maneno yaliyokuwa kwenye lebo, mstari kwa mstari, akauliza kama jina la baba limeandikwa sawasawa, akasema watanitumia nyingine bila malipo. Na ikaja. Nikaiweka kwenye bakuli lilelile, ikalala humo usiku kucha, asubuhi maji meupe. Nikachomoa uzi, nikauchoma: jivu laini, harufu ya karatasi. Pamba tupu.

Nilifurahi. Nikaanza hata kuandika mapitio mengine kabisa, ya nyota tatu, pengine nne, nikimsifu yule dada.

Nikiwa katikati ya kuandika nikasimama. Kumbe kitambaa sahihi wanacho! Wino sahihi wanao! Wanajua tofauti, na wanaweza kuchapa lebo inayodumu siku yoyote wakitaka. Nikafungua tangazo lao kuona kama wamerekebisha. Maneno yaleyale, pamba asilimia 100, inafulika bila shida, picha ileile. Kwa hiyo lebo nzuri ni ya yule aliyepiga kelele, na wengine wote wanaendelea kutumiwa poliesta yenye wino wa maji, pamoja na kijikaratasi kinachowahimiza waishonee ndani isitoke. Nyota tatu nikazifuta.

Yule dada sina neno naye, Mungu ambariki. Lakini yeye hakuchagua kile kitambaa, wala si yeye atakayepokea simu ya mteja mwingine.

Ile lebo mpya sikuitumia. Pengine nimekosea heshima ya yule dada, ila sikuweza kuiamini kwa jina la baba. Nilichukua pamba nyeupe niliyokuwa nimeshaifua na kuinyoosha, ili isije ikasinyaa baadaye na kuvuta kwilti. Nyuma yake nikabandika kwa pasi ile karatasi ya kufungia vitu vya friza, upande wenye utando unaong'aa ukitazama kitambaa, kwa sababu kitambaa kikikazwa na karatasi hakitelezi chini ya kalamu. Nikaandika kwa kalamu ya wino wa pigmenti, ncha nyembamba, taratibu, bila kukandamiza, maana ukikandamiza wino unasambaa kwenye nyuzi. Nikabandua karatasi, nikapiga pasi kavu, nikafua kipande cha majaribio kwanza. Jina la baba nikalipitia kwa sindano, mshono wa kurudi nyuma, uzi wa buluu uliokuwa karibu na rangi ya mashati yake ya kazini. Nikakunja kingo, nikaishona juu ya ile iliyofutika kwa mshono wa kuficha, nikihakikisha kila chomo linashika kitambaa cha nyuma peke yake na halitokezi upande wa viraka.

Imekaa vizuri, na mama ameridhika. Ila chini yake ile ya kwanza ipo, naigusa kwa kidole naisikia unene wake, na sitakaa niisahau kwa sababu haiwezi kutoka.

Kwa mnaotaka njia rahisi na hamtaki kuagiza kwa mtu: kata mraba wa pamba, ukunje kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu, andika upande mmoja, kisha uiweke kwenye kona ya kwilti kabla hujashona utepe wa ukingo. Utepe unazishika pande mbili zenyewe, unabaki na upande mrefu tu wa kushona kwa mkono. Inachukua muda mfupi na inashika kweli.

Kama mnaagiza hapa, agizeni za kufumwa. Za kuchapwa msiziguse, na kama mmeshazinunua, lowekeni moja usiku mzima kabla ya kushona hata mshono mmoja. Mimi natoa nyota moja. Kuna saa nafikiria mbili kwa ajili ya yule dada, halafu nakumbuka kile kicheko kwenye simu. Inabaki moja hadi watakapofuta "pamba asilimia 100" kwenye tangazo lao au waanze kutuma pamba kweli. Wakifanya hivyo nitarudi kubadilisha.