Fleksipleti mpya ya meno 168 kwenye Chevrolet 350: uzoefu wangu

Pleti hii, sahani ya chuma inayounga krenki na giaboksi ya otomatiki na yenye meno ya kuzungushwa na stata, nimeifunga kwenye injini ya 350 yenye sili ya nyuma ya krenki ya kipande kimoja, aina iliyoanza 1986, na imekaa barabara. Ina uzito wa kusawazisha uliochomelewa upande mmoja. Angalia hilo kabla ya kulipa, maana pleti ya injini za zamani haina uzito huo na haiingii: duara la boliti za krenki lilitoka milimita 91 likawa 76. Ya meno 153 ni ndogo zaidi na hutaka stata yake.

Pleti ya zamani niliyoitoa ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukipita kati ya matundu mawili ya boliti, umejaa vumbi jekundu la kutu. Pleti iliyopasuka hugonga ko-ko-ko kiasi kwamba watu hufungua injini nzima wakidhani ni beringi za konrodi. Kanyaga breki, toa P weka D. Mlio ukibadilika ghafla au kupotea, shuku pleti. Stata kusaga meno ni dalili nyingine. Lakini usishushe giaboksi bado. Toa kifuniko cha chini ya giaboksi, mulika tochi, zungusha krenki kwa spana, kagua boliti tatu zinazoshika toki konvata (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) kwenye pleti. Zikilegea hulia vilevile, na kuzikaza ni kazi ya dakika chache.

Ukishashusha giaboksi, tafuta kilichoipasua pleti, la sivyo mpya nayo itakatika. Mara nyingi ni pini za kulenganisha giaboksi na bloku zilizopotea: giaboksi hukaa upande, pleti inajikunja kila mzunguko, chuma kinachoka. Rudisha pini zote mbili. Badilisha na sili ya nyuma hapohapo.

Konvata irudishe ukiizungusha na kuisukuma mpaka izame hatua zote. Giaboksi ikigusa bloku, konvata lazima icheze huru, ikiwa na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye pleti. Isipokuwepo, simama, ukivuta kwa boliti unavunja pampu ya oili ya giaboksi.

Lawama yangu ni moja: haikuja na boliti za krenki. Nunua mpya sita, futa mafuta ya kuzuia kutu kwenye pleti, paka gundi ya nyuzi, kaza kwa kukingamisha kwa toki renchi.