Uzoefu wangu na The Princess and the Frog: Tiana ni wa jikoni

Kama unatafuta katuni ya kuangalia na watoto ambayo hata wewe mtu mzima hutasinzia, hii nakupa, ila nina maneno yangu juu yake. Ni ya Disney, ya mwaka 2009, ina dakika 97, imechorwa kwa mkono, wahusika wanaimba kila ukigeuka, na hadithi ni ile ya zamani ya mwana wa mfalme aliyegeuzwa chura. Sisi tuliipata kwa DVD aliyotuletea wifi yangu kutoka Uingereza. Mimi ni mama lishe, nawapikia watu wa maofisini hapa Morogoro, kwa hiyo mjue mapema nimekaa upande gani.

Wengi huitaja kwa sababu Tiana ndiye binti wa kwanza Mmarekani mweusi kuingia kwenye ile orodha ya mabinti wa kifalme wa Disney. Sawa, na mimi nilifurahi. Lakini kilichonikalisha kwenye kiti ni kwamba huyu binti anafanya kazi. Wenzake wa katuni nyingine wamelala usingizi wa kichawi, wamefungiwa mnarani, wanasubiri. Tiana anahudumia mezani usiku, anarudi nyumbani, anafungua droo iliyojaa makopo ya chenji, anatumbukiza bahashishi ya siku ile, anajitupa kitandani, na papo hapo saa inalia aende kwenye kazi ya asubuhi. Hicho kipande ni kifupi sana na hakina maelezo yoyote. Mimi niliomba kirudishwe. Nani kati yetu hana kibubu chake mahali?

Mambo yanatokea New Orleans, kusini mwa Marekani, miaka ya 1920. Mama yake Tiana, Eudora, ni fundi cherehani anayeshona magauni ya mtoto wa tajiri mmoja. Baba yake, James, ni mtu wa vibarua ambaye roho yake iko jikoni. Mwanzoni kabisa wanapika gumbo, ule mchuzi mzito wa huko ambao wengi huutia bamia, kisha baba anasema chakula kitamu namna hii hakifai kuliwa kwa kujificha, anafungua mlango, na majirani wanajaa barazani. Ndoto ya baba ni kufungua mgahawa. Anakufa bila kuuona, na binti anaubeba mzigo huo ukubwani. Anakitaka kiwanda kikuukuu cha sukari kilichoachwa kando ya mto, akigeuze kiwe mgahawa.

Waliotengeneza filamu hawakumtunga mpishi huyu hewani. Walimtazama Leah Chase, mama aliyepika miaka mingi katika mgahawa wa Dooky Chase's huko huko New Orleans hadi alipofariki mwaka 2019. Kwake ndiko watetezi wa haki za watu weusi walikuwa wakikutana miaka ya 1960, weupe kwa weusi kwenye meza moja, wakati sheria za mji zilikuwa zinakataza. Filamu haiendi huko, ni ya watoto, lakini ukijua hilo unamwangalia Tiana na sinia lake kwa jicho jingine.

Sasa kuhusu mchoro, maana hapa ndipo pesa ya wifi ilipolipa. Disney walikuwa wameshaacha kuchora filamu ndefu kwa mkono baada ya mwaka 2004, kila kitu kikahamia kwenye kompyuta. Walipoinunua Pixar, kampuni ya katuni za kompyuta, mwaka 2006, wakuu wapya wakaamua kurudisha penseli, na waongozaji wakongwe, Ron Clements na John Musker, wakaitwa kazini. Baada ya hii ilifuata moja tu, Winnie the Pooh ya mwaka 2011, basi. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na hata mchoro mmoja ukitumika mara mbili, kila mhusika bado anadai michoro kama 12 kwa sekunde. Na jasho hilo linaonekana. Tiana akitaka kucheka, nyusi zinatangulia. Akichoka, mabega yanashuka kabla hajasema neno.

Kipande ambacho ningemwita mtu kutoka jikoni aje kukiona ni ule wimbo anaomwimbia mama yake ndani ya kiwanda kilichojaa vumbi na buibui. Ghafla mtindo wa picha unabadilika wote: vivuli vinaondoka, sura zinakuwa bapa kama za bango, rangi ni chache na kali, na Tiana mwenye gauni jeupe anapita kati ya meza za mgahawa ambao bado haupo. Mtindo huo wameuchota kwa Aaron Douglas, mchoraji mweusi aliyepata jina Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, miaka hiyo hiyo ya 1920. Wimbo ukiisha, vumbi linarudi. Sikuhitaji kumtafsiria mtu yeyote pale sebuleni.

Kitu kingine kidogo: Tiana anatumia mkono wa kushoto. Anika Noni Rose, aliyempa sauti, naye ni wa kushoto, na ndiye aliyeomba iwe hivyo. Mtoto wa dada yangu aliliona hilo kabla yangu, kwa sababu kila akishika mwiko kwa kushoto bibi yake anamgombeza.

“Bibi, umemwona? Na yeye wa kushoto!”

“Nimemwona, mjukuu wangu. Sasa subiri tuone kula anakula kwa upi.”

Kwenye simulizi ya ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya hadithi za kale, iliyochapwa mwaka 1812, chura habusiwi na mtu. Binti mfalme anamkamata na kumbamiza ukutani, hapo ndipo anageuka kijana mzuri. Niliwasimulia watoto hilo, wakalipenda mno, nikajuta kidogo kwa ajili ya vyura wa bustanini. Hapa wameigeuza upande mwingine. Mwana wa mfalme, Naveen, mvivu mpenda muziki aliyekatiwa pesa na wazazi wake, anaingia mikononi mwa mganga tapeli na kugeuzwa chura. Anamwona Tiana na vazi la sherehe na taji, anadhani ni binti wa mfalme, anaomba busu. Tiana si binti wa mfalme. Kwa hiyo badala ya chura kuwa mtu, mtu anakuwa chura, na sasa wako wawili wanarukaruka kwenye vinamasi vya Louisiana, jimbo lenye mji huo wa New Orleans.

Na hapo ndipo lawama yangu ya kwanza. Wanakuwa vyura mapema na wanabaki vyura karibu hadi mwisho. Miaka yote tumesubiri binti mweusi mwenye sura yake, nywele zake na gauni lake, halafu tunamwangalia akiwa kijani kwa sehemu kubwa ya filamu. Watoto halikuwasumbua, kwao chura anayebishana ni raha tupu. Mimi lilinisumbua. Isitoshe, hapo katikati hadithi inapoa: kuna wawindaji watatu wanaoangukiana na kupigana marungu, ningewakata wote nisikose usingizi. Wanaonusuru sehemu hiyo ni Louis, mamba mnene anayetaka kupiga tarumbeta kwenye bendi ya jazi na watu, na Ray, kimulimuli mwenye mapengo mengi na moyo mkubwa.

Muziki ni wa Randy Newman, ambaye utotoni alikuwa akikaa New Orleans, na inasikika kwamba mji anaujua. Kuna jazi, kuna kwaya ya kanisani, kuna kinanda cha mkono cha vinamasini, kila wimbo na mtaa wake. DVD yetu haina Kiswahili, kwa hiyo kazi ya DJ wa muvi niliifanya mimi, nikisimulia juu ya sauti za wahusika kama wale wa vibanda vya video. Mazungumzo yanakwenda. Nyimbo zilinishinda, zina maneno mengi kwa pumzi moja, nikaona bora ninyamaze wasikilize. Ray anaongea Kiingereza cha watu wa vinamasini, kimevunjikavunjika na kuchanganywa na Kifaransa. Hata kama Kiingereza chako ni cha shule nzuri, mengine utabahatisha.

Wazazi, jambo hili msilipuuze. Yule tapeli, Dkt. Facilier, anatisha kweli. Kivuli chake hakimfuati, kina mambo yake, na kuna mahali anamtoboa Naveen kidole ili apate damu ya kuweka kwenye hirizi. Vivuli vya “marafiki” zake vinatambaa ukutani vikitafuta watu. Mtoto wangu wa mwisho aliingia chini ya khanga ya bibi yake, akabaki huko mpaka wimbo ulipokwisha. Mama yangu naye akauliza, “Huyu ni mganga au ni mchawi?” Nikamjibu ni mchawi aliyevaa suti. “Na yule bibi kipofu mwenye joka?” Yule ni Mama Odie, anakaa kwenye mashua iliyonasa juu ya mti na ndiye mwenye dawa ya haki. Mama hakuridhika. Kwake dawa ni dawa. Kama nyumbani kwenu mambo haya hayatajwi, andaa majibu yako mapema, maana watoto watauliza. Na nitasema pia kwamba vudu ya watu wa huko ni imani yenye mizizi Afrika Magharibi, wala si sanduku la mauzauza, lakini filamu inaitumia kama sanduku la mauzauza. Tena kuna mhusika mmoja anayekufa, anakufa kabisa, na mazishi yake yana ukungu na kimya. Mkubwa wangu alilia. Umri wa miaka saba kwenda juu, ndivyo ningeshauri, na mtu mzima awepo.

Nikija kwenye ugomvi wangu mkubwa, unahusu ule wimbo wa Mama Odie. Anaimba na kwaya nzima ya ndege kwamba mtu ajichimbe ndani ajue anachohitaji, maana anachokitaka na anachokihitaji si kitu kimoja. Wimbo ni mtamu, watoto walisimama wakacheza. Baadaye anamuuliza Tiana: haya, umeelewa unahitaji nini? Tiana anajibu kwa furaha kwamba anahitaji kuongeza bidii ya kazi ili aupate mgahawa wake. Ndege wote wanavunjika moyo, Mama Odie anaonekana kama amepigwa na jua. Tunatakiwa tucheke, maskini msichana hajaelewa, jibu lilikuwa mapenzi.

Mimi sikucheka. Mbona jibu lake lilikuwa sahihi? Msichana amefiwa na baba, ana kazi mbili, pesa yake iko kwenye makopo, na rafiki yake Charlotte, yule mtoto wa tajiri, anachomoa noti kwenye mfuko wa baba kama mtu anayechuma maembe. Ukimwambia mtu wa namna hiyo anafanya kazi kupita kiasi, umemwambia nini? Hakuchagua. Naveen ndiye aliyehitaji kujichimba, na kweli filamu inampa adabu vizuri: anafundishwa kukatakata uyoga, kisu kinamshinda, na pole pole mikono inamkubali. Hicho kipande kina mapenzi kuliko nyimbo zote za mbalamwezi, kwa maoni yangu. Karibu na mwisho, Facilier anamwonyesha Tiana mgahawa ukiwa tayari, akimkumbusha jinsi baba yake alivyochoka bure. Tiana anamjibu kwamba baba hakupata alichokitaka, lakini upendo alikuwa nao, na hakuwahi kuusahau. Hapo niliguswa, nakiri. Jibu hilo linauheshimu uchovu wa baba. Wimbo wa Mama Odie hauuheshimu.

Halafu kuna madalali. Ndugu wawili, Fenner, wanaouza kile kiwanda. Tiana amewapelekea malipo ya kwanza, wameshikana mikono, na usiku wa sherehe wanamjia na habari kwamba amejitokeza mtu mwenye pesa yote taslimu, tena kwa mwanamke mwenye hali kama yake biashara kubwa namna ile ingemshinda, abaki alipo. Wanasema kwa tabasamu. Mimi nimeshawahi kuahidiwa fremu nikaambiwa maneno ya aina hiyo hiyo, na tabasamu lilikuwa hilo hilo, kwa hiyo hapo nilizungumza na televisheni kwa sauti mpaka mama akaniambia nitulie.

Nilisubiri mwisho wao. Wanaoujua mwisho wanajua: Tiana anarudi na makopo yake yote, lakini yanayosababisha ndugu Fenner wakubali ni meno ya Louis. Mamba anawatisha, ufunguo unatoka, wimbo unaanza, watoto wanapiga makofi. Inachekesha. Ila yule binti aliyebishana na mganga, wawindaji na vivuli vya kuzimu hakupewa hata sentensi moja ya kuwaambia wale wawili usoni. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano wanayo ndugu Fenner, wakamdai mamba.