Gego langu: kutibu mzizi au kupandikiza la bandia?

Ukiambiwa ung'oe gego uweke la kupandikiza (jino la bandia juu ya skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya), muulize daktari kwanza: juu ya ufizi limebaki jino zima kiasi gani? Kwangu mimi jibu la hapo ndilo lililoamua.

Gego la chini lililozibwa zamani lilikutana na kijiwe kwenye maharage, likameguka upande wote wa shavuni. Kliniki ya kwanza hapa Dar ilipiga eksirei na kunitajia bei ya kupandikiza hata sijafunga mdomo. Kwenye kliniki ya pili, daktari alikwangua uozo wote, ndipo akapima. Zilikuwepo kama milimita 2 za jino gumu kuzunguka pande zote. "Kofia itashika," akasema, yaani gamba la bandia linalovikwa juu ya jino likishatibiwa mzizi. Ingekuwa mzizi umepasuka, angeling'oa bila mjadala.

Kutibu mzizi, yaani kusafisha na kuziba mifereji iliyo ndani ya mizizi ya jino, hakuumi kama watu wanavyotishana. Ganzi ikishakolea, kinachochosha ni taya kukaa wazi. Jino hufunikwa kwa kitambaa cha mpira ili mate yasiingie, na dawa ya kusafishia mifereji inanuka Jik kabisa (na kweli ni jamii moja). Langu lilikuwa na mifereji minne, na huo wa nne ulimtoa daktari jasho. Baadaye nilisikia maumivu kidogo nikitafuna, yakaisha yenyewe.

Lalamiko langu ni kofia. Maabara ilichelewa, kizibo cha muda kikabanduka nikila chapati, ikabidi nirudi kuzibwa upya.

La kupandikiza silipondi. Mama mdogo analo na nyama choma anatafuna vizuri tu. Lakini ile skrubu ya titani ilibidi isubiri miezi kadhaa mfupa uishike ndipo akawekewa jino juu, na kwa kuwa ana kisukari, daktari alitaka kwanza sukari ishuke. Halafu wengi hudhani jino la bandia halihitaji mswaki. Kuoza halitaoza, ila ufizi unaolizunguka unaugua na mfupa unaweza kuliwa hadi skrubu ilegee. Jino lako likishang'olewa ndiyo basi, ilhali lililotibiwa likifeli huko mbele, kupandikiza bado kupo.

Kutibu mzizi pamoja na kofia kumenitoka chini ya nusu ya ile bei ya kupandikiza. Bima ililipia mzizi. Kofia nililipa mfukoni, kwa hiyo ulizeni bima zenu kabla hamjakalia kiti.