Kabla hujaifukuzia kadi ya dhahabu ya ndege, soma herufi iliyo kwenye tiketi

Nilikuwa nimebakiza maili 4,000 tu nipate kadi ya dhahabu, ile hadhi ambayo shirika la ndege humpa msafiri anayeruka sana. Mwaka wangu wa hesabu ulikuwa unaisha baada ya wiki tano, kwa hiyo nikanunua tiketi ya safari ndefu, kwenda na kurudi, jumla zaidi ya maili 9,000, kwenye shirika lililo muungano mmoja na shirika langu, yaani kundi la mashirika yanayotambua kadi za wenzao. Wakala nilimuuliza mara mbili: "Kaka, hii itaingia kwenye kadi yangu?" Akanijibu, "Itaingia dada, si wako muungano mmoja?" Nikalipa.

Wiki mbili baada ya kurudi nikafungua akaunti yangu. Mstari ule nauona hadi leo: tarehe, namba ya ndege, mji wa kutoka, mji wa kufika, na kwenye safu ya maili za hadhi, zile zinazohesabiwa ili upate kadi, 0. Mstari wa safari ya kurudi nao 0. Nikapiga simu. Nilisubiri dakika arobaini, kisha dada wa huduma kwa wateja akanieleza kwa upole kwamba tiketi yangu ni ya herufi O, na O ya shirika lile haihesabiwi kwenye mpango wetu. Nikaitafuta risiti. Kweli herufi ilikuwepo, imekaa peke yake kati ya namba ya ndege na tarehe. Nilikuwa nimeipita kila nilipoisoma, nikidhani ni sifuri ya mashine. Wiki tano zikaisha, hesabu yangu ikarudi mwanzo, na maili nilizozikusanya mwaka mzima hazikunipandisha hata ngazi moja.

Tangu siku hiyo wasomaji wamenisimulia kisa hikihiki kwa sura mbalimbali. Mmoja alipoteza safari tatu mfululizo. Mwingine alipewa robo ya maili alizotegemea. Ndiyo maana mwongozo huu hautakwambia launji ipi (ukumbi wa kupumzikia uwanja wa ndege) ina viti vizuri wala muungano upi una ndege mpya. Hayo yameandikwa sana. Mimi nataka tuzungumze herufi.

Ndani ya daraja la kawaida la ndege moja, shirika hugawa viti katika makundi ya nauli, na kila kundi lina herufi yake. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, safu moja, wakafika saa moja, lakini mmoja ana tiketi ya Y na mwenzake ana O. Wa Y anapewa maili zote. Wa O anapewa robo, au hapewi kitu. Y karibu kila mahali ni nauli kamili ya daraja la kawaida, J ni nauli kamili ya daraja la biashara, F ni daraja la kwanza. Zilizobaki kila shirika linazipanga linavyotaka, kwa hiyo herufi inayokupa maili zote kwenye shirika hili inaweza kukupa nusu kwenye lile.

Fundo lenyewe liko hapa: kila mpango wa maili una jedwali lake kwa kila mshirika. Safari moja, kiti kimoja, herufi moja, inaweza kuwa sifuri kwenye mpango wa shirika A na asilimia 50 kwenye mpango wa shirika B, ingawa A na B wamo katika muungano mmoja. Miungano mikubwa ni mitatu: Star Alliance, oneworld na SkyTeam. Anayekwambia "ingia Star Alliance" au "ingia oneworld" hajakushauri kitu bado. Huingii muungano. Unaingia mpango wa shirika moja, na jedwali la shirika hilo ndilo litakaloamua kama safari zako zina thamani.

Halafu kuna ndege za ubia, tiketi yenye namba ya shirika moja na ndege ya shirika jingine. Hapo herufi inaweza kubadilika, na mipango mingine hufuata namba iliyoandikwa kwenye tiketi huku mingine ikimfuata mwenye ndege. Uliza mapema.

Kabla ya kujiunga popote, toa risiti za tiketi zako tano za mwisho. Andika herufi ya kila kipande cha safari, maana tiketi moja yenye kuunganisha inaweza kuwa na herufi mbili au tatu tofauti. Kisha fungua majedwali ya washirika ya mipango unayoifikiria, ujumlishe. Ni kazi ya nusu saa, na mimi ingeniokolea mwaka mzima.

Sasa orodha yangu, kwa mtu anayelipa tiketi zake mwenyewe na kununua nauli za chini mara nyingi.

Ya kwanza: Flying Blue (Air France na KLM, muungano wa SkyTeam)

Sifichi, huu ndio mpango ninaoupenda, na sababu ni moja. Tangu 2018 hadhi yake inapimwa kwa XP, yaani pointi za hadhi, na XP hufuata umbali na daraja ulilokaa. Katika daraja la kawaida, kipande cha safari ya kimataifa kisichofika maili 2,000 kina XP 5. Kati ya 2,000 na 3,500 ni 8. Hadi 5,000 ni 10. Zaidi ya hapo ni 12. Daraja la kawaida lililoboreshwa ni mara mbili ya hizo, daraja la biashara mara tatu. Mtu wa tiketi ya bei ya chini na mtu wa nauli kamili wakikaa daraja moja wanapata XP sawa. Kwa wanachama wenza wa SkyTeam bado zipo herufi chache zisizohesabiwa kabisa, hizo ziangalie, lakini herufi ikishakubaliwa haipunguzwi.

Piga hesabu. Safari yenye kipande kifupi cha XP 5 na kirefu cha 12 inakupa 17 kwenda na 17 kurudi, jumla 34. Safari tatu za namna hiyo ni 102, na Silver inahitaji 100. Ukifika, 100 zinakatwa, zile 2 zinabaki, na mwaka wako mpya unaanza. Kutoka Silver kwenda Gold ni XP 180, na kutoka Gold kwenda Platinum ni 300. Unaweza kuyapanga haya kwenye karatasi kabla hujalipa tiketi hata moja, bila kumpigia mtu simu. Kwangu hilo linazidi launji yoyote.

Gold ya Flying Blue ni Elite Plus, ngazi ya juu ya SkyTeam: launji ukiwa na mgeni mmoja, mzigo wa ziada, foleni fupi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba launji ya Elite Plus ni ya safari za kimataifa. Ukiruka ndani ya nchi moja pekee, kwa kawaida mlango haukufungukii. Jua pia kuwa maili za kununulia tiketi, tofauti na XP, zinatokana na pesa ulizolipa, kwa hiyo kwenye nauli za chini zitakuja kidogokidogo. Mimi nimelikubali hilo.

Ya pili: Privilege Club ya Qatar Airways (oneworld)

Silver ni Qpoints (pointi zao za hadhi) 150, Gold 300, Platinum 600. Gold yao ni Sapphire, ngazi ya pili kwa oneworld nzima, Platinum ni Emerald, ngazi ya tatu na ya juu kabisa. Oneworld ndio muungano pekee kati ya mitatu wenye ngazi hiyo ya tatu, na Emerald inakufungulia launji za daraja la kwanza hata kama umekaa daraja la kawaida. Nimeuweka wa pili kwa sababu Qpoints zinategemea aina ya nauli, na nauli nyepesi kabisa ya daraja la kawaida inatoa chache sana. Ila jina la nauli unaliona kwenye ukurasa wa kununulia kabla ya kulipa. Mtu anayeruka daraja la biashara mara mbili au tatu kwa mwaka auangalie huu kwanza, kabla ya ule wangu.

Ya tatu: Miles&Smiles ya Turkish Airlines (Star Alliance)

Star Alliance ndio muungano wa zamani kuliko wote, ulianzishwa Mei 1997 na mashirika matano, na leo una wanachama zaidi ya 20, kwa hiyo popote uendapo utakuta mwanachama wake. Miles&Smiles hukupa Elite, ambayo ni Star Gold, ngazi ya juu ya Star Alliance, ukifikisha maili 40,000 za hadhi ndani ya miezi 12, na kadi hudumu miaka miwili. Hiyo miaka miwili ni jambo kubwa. Lakini hapa herufi inatawala: nauli za ofa hupata sehemu ndogo tu ya umbali. Usijiunge bila jedwali mkononi.

KrisFlyer ya Singapore Airlines nao uko Star Alliance, na Gold yake ni maili 50,000 za hadhi kwa miezi 12. Ni mpango mzuri kwa anayeruka na Singapore Airlines yenyewe. Kwa tiketi za bei ya chini za washirika, mara nyingi utakutana na ile sifuri yangu.

Kuna siri moja ya Star Alliance ambayo wauzaji hawaisemi. Mwenye Gold ya United Airlines yenyewe haingii launji za United akiwa kwenye safari za ndani ya Marekani kwa kadi hiyo tu. Mwenye Star Gold ya shirika la nje anaingia, tena na mgeni. Oneworld iko vivyo hivyo kwa American Airlines. Ukiwa na safari nyingi za ndani ya Marekani, kadi ya shirika la nje inakufaa kuliko ya wenyeji.

Inayofuata: mipango ya pesa

British Airways ilihamia huko Aprili 2025: tier point (pointi ya hadhi) moja kwa kila pauni unayotumia nayo, Silver 7,500, Gold 20,000. Delta ya Marekani tangu 2024 nayo inahesabu dola tu, Gold ni 10,000. Ukiruka na shirika lenyewe, kwa kawaida herufi haikusumbui hapa kwa sababu umbali wenyewe hauhesabiwi. Anayelipiwa na mwajiri tiketi za gharama atafurahi. Sisi wengine hatumo kwenye hesabu zao, na ninaumia kuliandika hilo, maana mipango hii ilijengwa na wasafiri wa kawaida tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake, AAdvantage, mwaka 1981. Tuliambiwa turuke sana tutathaminiwa. Tukaruka. Sasa kipimo ni pochi.

Ngazi za chini

Star Silver inakupa kipaumbele kwenye orodha ya kusubiri kiti, basi. Ruby ya oneworld na Elite ya SkyTeam zinakupa foleni fupi ya chekini na mambo madogomadogo. Hakuna launji. Usiongeze safari hata moja kwa ajili ya ngazi hizi. Emirates na Etihad hawamo muungano wowote kati ya hii mitatu, kwa hiyo hadhi yao usitegemee itambuliwe huko.

Lipo pia la mashirika kuhama. LATAM iliondoka oneworld mwaka 2020. SAS, mmoja wa wale waanzilishi watano wa Star Alliance, ilihamia SkyTeam Septemba 2024, na wenye kadi zake wakahama nayo, wapende wasipende. Hilo huwezi kulizuia kwa jedwali lolote.

Lakini la herufi linazuilika, na ndiyo maana hasira yangu kwa wauzaji haijaisha. Ukinunua kiatu unaoneshwa namba yake kabla ya kulipa. Tiketi inauzwa kwa neno "kawaida" peke yake, na herufi unakuja kuiona kwenye risiti, pesa zikiwa zimeshaondoka na nauli hairudishwi. Tovuti nyingi zinaificha chini ya kiungo cha masharti ambacho hakuna anayekibonyeza. Mawakala wanasema haionekani kwao. Si kweli. Kwenye skrini ya wakala, kila ndege inaoneshwa na herufi zake zote pamoja na idadi ya viti vilivyobaki kwa kila moja: Y9, B9, M4, O2, namna hiyo. Anaziona kabla hujamaliza kutaja tarehe yako.

Siku hizi silipi mpaka wakala aniandikie kwa ujumbe herufi ya kila kipande cha safari, kwenda na kurudi. Naangalia jedwali, kisha namjibu. Mara mbili imetokea kwamba herufi iliyo juu kidogo, yenye maili zote, ilizidi ile ya sifuri kwa tofauti ndogo ya nauli, na wakala hakuwa amenitajia. Pasi za kupandia nazitunza hadi maili zionekane kwenye akaunti, kwa sababu bila hizo huenda ukashindwa kudai, na muda wa kudai una mwisho. Yule wakala wa kwanza nilimpigia nikamwomba aniandikie herufi za safari yangu iliyofuata. Akaniambia, "Dada, hayo mambo ya herufi ni ya ndani." Tiketi hiyo nilinunua kwingine.