Krimu ya pilipili na mashine ya TENS baada ya mkanda wa jeshi: uzoefu wangu wa miezi 14

Vipele vya mkanda wa jeshi vilinianza chini ya titi la kushoto, vikazunguka ubavu hadi karibu na uti wa mgongo, na baada ya wiki 4 vilikuwa vimekauka vyote na kuacha mabaka. Maumivu hayakuondoka navyo. Yalibaki pale pale, mara yakichoma kama kaa la moto, mara yakikatiza ghafla kama shoti ya umeme, na lililonitesa kuliko yote ni kwamba ngozi yenyewe ilikataa kuguswa. Kwa miezi 5 sikuweza kuvaa sidiria. Usiku nililala chali huku nimeishika kanga kwa mkono ili isiguse ubavu, na upepo wa feni ukinipitia nilishtuka kama mtu aliyechomwa sindano. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo leo, ambaye kila anayemtembelea anamwambia kwamba vipele vimepona na kwa hiyo naye amepona.

Daktari alinieleza kwamba virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, virusi havitoki mwilini bali hujificha kwenye mizizi ya neva kwa miaka mingi, na kinga ya mwili inapopungua kwa uzee au kwa maradhi, huamka na kuifuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu vipele hukaa upande mmoja tu na kujipanga kama mkanda. Neva hiyo hujeruhiwa, na maumivu yakipita miezi 3 baada ya vipele, tatizo si la ngozi tena, ni la neva inayopeleka habari za maumivu ilhali hakuna kinachoumiza. Dawa ya kudhibiti virusi, asaiklovia, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Mimi nilifika hospitalini siku ya 6, kwa kuwa siku zote hizo nilikuwa nyumbani nikipaka mafuta ya nazi na kuona haya kutoka. Kwetu Tanga ugonjwa huu husemwa kwa sauti ya chini, maana watu wameuzoea kuwa ni dalili ya virusi vya UKIMWI. Nilipima, na sina. Nilikuwa na miaka 61, na umri huo peke yake ulitosha. Ninalieleza hili waziwazi kwa sababu ninaamini aibu ile ilinigharimu mengi.

Dawa za hospitali sikuziacha, na nisingependa mtu asome maelezo yangu akaziacha zake. Parasetamoli na diklofenaki hazikunifaa kitu, na daktari alisema hilo ni la kawaida kwa maumivu ya neva. Amitriptilini, niliyoanza kwa miligramu 10 usiku kisha 25, ilinirudishia usingizi, nami naithamini kwa hilo. Lakini ilinikausha kinywa, na nikiamka kwa sala ya alfajiri nilipepesuka hadi nikawa naushika ukuta. Alipoongeza gabapentini, kizunguzungu kilizidi, ikabidi dozi ipunguzwe. Maumivu, ambayo nilikuwa nikiyapa namba kila jioni kwenye daftari kuanzia 0 hadi 10, yalishuka kutoka 9 hadi 7, yakagoma hapo. Saba ya kila siku, mwezi baada ya mwezi, ndiyo iliyonifanya nitafute tiba nyingine.

Nilianza vibaya. Muuzaji mmoja wa dawa za asili, ambaye ndugu zangu walimsifu sana, aliniuzia unga wa kahawia kwenye kopo lisilo na maandishi akasema ni dawa ya mishipa, kijiko 1 asubuhi na 1 jioni. Siku ya 4 maumivu yalipungua kuliko wakati wowote, nikalia kwa furaha. Baada ya wiki 3 uso wangu ulikuwa umevimba, miguu imejaa, na presha, ambayo sijawahi kuwa nayo, ilisoma 170 kwa 100. Daktari aliponiona alishuku kwamba unga ule ulichanganywa na dawa ya jamii ya steroidi, akanisimamia namna ya kuuacha badala ya kuukatisha ghafla. Sikuwa na njia ya kuupima, kwa hiyo nasimulia yaliyonipata tu. Siikatai tiba ya asili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake linalosajili waganga na dawa, na mimi ndiye niliyekosa kuuliza namba ya usajili. Kopo lisilo na jina, lisilo na orodha ya vilivyomo, na linaloleta nafuu kubwa ndani ya siku chache, linatosha kumtia mtu wasiwasi.

Hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, nilifanya mara 2 kwa mtu msafi, mwenye glavu na vikombe vipya, aliyekataa kabisa kuweka kikombe juu ya ngozi inayouma. Mabega yalilegea na nililala vizuri siku hizo mbili. Ubavu ulibaki kwenye 7.

Krimu ya pilipili niliipata kupitia binti yangu anayeishi Maskati, ambaye alinitumia vibomba 3 kwa mkono wa msafiri. Kilichomo ni kapsaisini ya asilimia 0.075, yaani kile kinachoifanya pilipili iwashe. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni ukatili kumpaka pilipili mtu ambaye ngozi inawaka tayari, lakini maelezo yake yana mantiki. Kwenye ncha za neva za maumivu kuna kipokezi kinachofunguka kwa joto la kama nyuzi 43 na zaidi, na ni kipokezi hicho hicho kinachofunguliwa na kapsaisini, ndiyo maana pilipili huonekana kuwa ya moto ingawa haina moto wowote. Kikundi cha David Julius huko Marekani kilikitambua mwaka 1997, na ugunduzi huo ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kipokezi kikichokozwa tena na tena, siku baada ya siku, ncha ya neva huchoka na kupunguza kupeleka habari. Kwa hiyo krimu hii haifai kupakwa mara moja moja pale maumivu yanapozidi. Ni ya kupakwa mara 3 au 4 kila siku, bila kuruka, na haipaswi kamwe kugusa ngozi yenye kidonda; mimi nilianza muda mrefu baada ya vipele kufunga.

Wiki 2 za mwanzo zilikuwa ngumu sana. Kila nikipaka, moto mpya ulikuja juu ya ule wa zamani na kudumu karibu nusu saa, na nikioga maji ya vuguvugu kabla ya kupaka uliongezeka maradufu, hivyo nikaanza kuoga maji baridi na kusubiri ngozi ikauke na kupoa. Kosa langu kubwa lilikuwa la mikono. Siku ya 2 nilipaka kwa vidole, nikanawa kwa maji, kisha nikaenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Niliposukutua na kuosha uso, midomo na macho viliwaka hivi kwamba binti wa jirani alikuja mbio kwa kelele zangu. Maji peke yake hayaiondoi kapsaisini kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta. Tangu hapo napaka kwa glavu, napaka baada ya sala na si kabla ya udhu, na ikinigusa mkononi nasugua kwanza kwa mafuta ya kula, kisha sabuni. Nguo inayogusa ubavu nimeitenga, haifuliwi pamoja na za wajukuu.

Wiki ya 3 moto wa krimu ulianza kufifia. Wiki ya 6 daftari langu lilisoma 5, na lililonifurahisha zaidi ya namba ni kwamba niliweza kujifunga kanga bila kushtuka. Hayo yalikuwa maisha mengine kabisa. Kisha nikasafiri siku 4 bila krimu, na niliporudi kuipaka, moto wa mwanzo ukarudi karibu wote, kana kwamba naanza upya. Krimu zilipokaribia kuisha, jirani yangu mmoja mwema alinitwangia pilipili kichaa kwenye mafuta ya nazi. Nilipaka mara 1 tu, ngozi ikababuka. Nguvu ya mafuta yale hakuna aliyeijua, na neva iliyojeruhiwa haistahili kubahatishiwa.

Mashine ya TENS niliinunua mwezi wa 8 kwa shilingi 95,000, kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia. Ni kifaa kidogo cha betri, ukubwa wa simu, chenye nyaya na pedi zenye gundi zinazobandikwa kwenye ngozi, nacho hupitisha umeme hafifu unaosikika kama mtekenyo au sisimizi wengi wanaotembea. Msingi wake ni nadharia ya lango iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965: kwamba ndani ya uti wa mgongo habari za mguso zinaweza kuzizuia habari za maumivu zisipite, kama vile sisi sote tunavyokisugua kiwiko tukikigonga. Nilipoibandika mwenyewe mara ya kwanza niliweka pedi juu ya sehemu inayouma, na sikustahimili hata dakika 1. Mtaalamu alinirekebisha: pedi 2 zikae karibu na uti wa mgongo, pale neva inapotokea, na nyingine mbele, nje ya mpaka wa ngozi inayouma, mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, na nguvu iongezwe mpaka mtekenyo uwe wazi lakini usiume.

Nikiiwasha kwa dakika 40, maumivu hushuka hadi 3 na hubaki hivyo kwa saa 1 au 2 baada ya kuizima, kisha hurudi. Kwa hiyo haiponyi, bali inanipa muda, nami naupanga muda huo: naitumia kabla ya kulala, na kabla ya kukaa kwenye cherehani. Siku nyingine hainisaidii chochote, na bado sijapata sababu. Pedi ndizo gharama ya kweli, kwa maana joto na jasho la Tanga huimaliza gundi yake ndani ya wiki 3, na seti ya pedi 4 ni shilingi 12,000. Mwenye betri ya moyo asiiguse, wala isiwekwe mbele ya shingo, wala kwenye ngozi yenye ganzi ambayo haitahisi ikiungua. Mashine yangu haikuwa na maelezo ya Kiswahili hata mstari mmoja, jambo ambalo kwa kifaa cha umeme kinachouzwa kwa wazee ni kasoro kubwa.

Kitu kimoja naweza kukisema kwa uhakika kuhusu namna nilivyojaribu: baada ya yale ya unga wa kahawia, niliongeza tiba 1 kwa wakati, nikaipa wiki 6, na nikamwonyesha daktari daftari kila nilipokwenda. Bila hivyo nisingejua kwamba krimu ilinipa pointi 2 na hijama haikunipa hata 1. Amitriptilini bado nameza, miligramu 10, na gabapentini imeondolewa.

Jumamosi iliyopita nilihudhuria harusi ya mpwa wangu. Nilivaa sidiria na gauni lililobana kiunoni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6, mashine ikiwa kwenye mkoba, na niliporudi nyumbani niliandika 4.