Kanuni ya Kituruki kwenye unyevu wa Unguja: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nilikuwa napigia kanuni (ala ya nyuzi) ya klabu, ile ambayo kila mtu anaigusa na hakuna anayeitunza. Mwishowe nikaagiza yangu kutoka Istanbul, ya daraja la wanafunzi, dola 480 bila nauli ya mzigo. Wengi wananiuliza kama inafaa kwa taarabu. Inafaa, ila ina masharti yake.

Kwa asiyeijua kwa karibu, kanuni ni sanduku bapa lililokatwa mshazari upande wa kushoto, unalolilaza mapajani au mezani. Yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, kwa hiyo unapata sauti 26, oktava tatu na nusu hivi. Unaipiga kwa risha mbili zinazobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Ndugu zake ni wengi: Wairani wana santuri inayogongwa kwa vijiti, Ulaya ya zama za kati ilikuwa na saltari, na Burundi na Rwanda wana inanga, uzi mmoja unaopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa shimo. Sisi Unguja tunasimuliwa kwamba Sultani Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ala hii, akarudi kuwafundisha wengine. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianza 1905, na hadi leo taarabu ya kizamani isiyo na kanuni naiona imepungukiwa.

Sauti ya hii ya Kituruki ni kali na angavu kuliko za Misri. Za Misri ni kubwa zaidi, kwa kawaida zina vipande vitano vya ngozi, na besi yake imeshiba. Yangu ina vinne. Nikiwa peke yangu chumbani naitamani ile besi, lakini tukikaa na fidla, akodiani na dumbaki, ukali huu ndio unaonisaidia, maana nasikika bila kuzibamiza nyuzi.

Sasa ngozi. Upande wa kulia nyuzi zote zinapita juu ya kibao kirefu ambacho miguu yake imesimama juu ya ngozi, si juu ya mbao. Hapo ndipo utamu wa sauti unapotoka, na hapo ndipo balaa lilipo. Masika ikiingia, ngozi inanyonya unyevu na kulegea, kibao kinadidimia, na sauti zote zinashuka pamoja. Ukizipandisha asubuhi, halafu jioni ukakaa ukumbini chini ya taa za moto, ngozi inakauka na sauti zinapanda zenyewe katikati ya wimbo. Dawa niliyoiona inasaidia ni kuiweka ndani ya sanduku gumu pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kufika ukumbini mapema ili ala izoee hewa ya pale kabla sijashika ufunguo wa kukazia nyuzi.

Kutia sauti nako kunataka subira. Unazizima nyuzi mbili kwa kidole, unaiweka sawa ya tatu, kisha unazileta zile mbili zifuate mpaka zisikike kama uzi mmoja. Programu ya simu inatosha kwa kuanzia, ila kwa makamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama rasti na bayati, sikio ndilo hakimu.

Na hapa nisifie mandali, vile vyuma vidogo karibu na vigingi unavyovipandisha na kuvishusha kwa mkono wa kushoto ili kubadilisha sauti. Kanuni za Kituruki zina mandali nyingi kwa kila sauti, kwa sababu wao wanaigawa sauti vipande vidogo zaidi. Ile sauti iitwayo sika, yao iko juu kidogo kuliko ya Kimisri, lakini kwa wingi huo unaipata unayoitaka. Nimezitia alama ya kalamu zile ninazozitumia, nisihangaike gizani. Tukipiga na kinanda cha umeme ambacho hakikuwekewa robo sauti, nazifunga tu, hakuna la kufanya. Chache za sauti za chini zilikuwa zinatoa mlio wa kukwaruza. Fundi wa hapa mjini alizikaza kwa koleo ndogo, zikatulia.

Muuzaji simpi sifa. Alituma ala kwenye mfuko laini ilhali tulikubaliana sanduku gumu, na nyuzi za akiba zilikuwa za sauti za juu peke yake. Nilipolalamika akajibu kwa upole mwingi, basi, na sanduku nikajinunulia mwenyewe. Kwa nyuzi zinazokatika natumia mshipi wa kuvulia wa sokoni Darajani. Pima unene kwanza kwa kulinganisha na uzi wa asili, maana mshipi mnene kupita kiasi unaielemea ngozi.

Kanuni naipa nyota nne, muuzaji mbili. Kwa mwanafunzi mwenye mwalimu wa kumwelekeza, inunue. Kama huna mwalimu na bado hujajua makamu, anza na ya kuazima, maana mandali zote hizo zitakuchanganya kabla hujafika hata kwenye hijazi.